Bila Yeye Hapaendi

Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Kwingine kote, tangu kwa mlinzi wa getini hadi chumba cha upasuaji, aliitwa Mama Faili, na jina hilo lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunza mafaili wa hospitali ile. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, ukishapita maabara, na mlango wake ulikuwa na kitasa kilichowakatalia watu wote isipokuwa yeye: ilibidi ukiinue kwanza, ndipo ukizungushe.

Ndani kulikuwa na rafu kumi na nne za chuma, toka sakafuni hadi darini, na mafaili yasiyopungua elfu ishirini. Zamani yalikuwa yamepangwa kwa namba, kama inavyostahili. Kisha mwaka mmoja paa likavuja. Mvua ilinyesha siku mbili za mapumziko, na Jumatatu asubuhi Mama Faili akakuta nusu ya rafu zimelowa chapachapa. Mwingine angekaa chini akalia. Yeye alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akayaanika mafaili kila palipopitisha hewa: kwenye kamba za kufulia, kwenye madirisha, juu ya vitanda vibovu vilivyotupwa nyuma ya jiko. Yalipokauka, namba nyingi zilikuwa zimefutika, basi akayarudisha kama alivyowakumbuka wenyewe. Watu wa familia moja aliwaweka pamoja, wa mtaa mmoja jirani kwa jirani, wenye sukari huku, wenye presha kule, na mapacha kwenye kisanduku chao peke yao. Ilikuwa iwe hivyo kwa wiki moja. Ikawa miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo ramani ya chumba kile ilikuwa kichwani mwake tu. Nesi angekuja mbio: "Mama Faili, kuna bwana mmoja mrefu, anasema alilazwa zamani, sijui tumbo, jina lake silisikii vizuri..." Na yeye, bila kuinua macho: "Si yule shemeji yake fundi bomba? Rafu ya sita, chini kabisa, nyuma ya mapacha." Nesi anainama, anatoka nalo mkononi, anatikisa kichwa kwa mshangao. Wageni waliletwa mlangoni kumwona kama watu wanavyopelekwa kuona mashine mpya. Na daktari mkuu, mtu wa maneno laini asiyependa ugomvi na yeyote, hakupita asubuhi hata moja bila kuchungulia na kusema, "Bila wewe hapa hapaendi."

Sifa si kitu kibaya. Lakini yupo anayeionja akaendelea na shughuli zake, na yupo anayeifanya ndiyo mlo wa siku. Mama Faili aliila asubuhi, na jioni alirudi nyumbani ameshiba.

Mara mbili uongozi ulileta mtu wa kuyapanga mafaili upya. Wa kwanza aliambiwa aje mwezi ujao, na mwezi ujao akaambiwa mwezi ujao. Wa pili aliingizwa kwenye rafu za mwisho zenye vumbi la tangu mwaka paa lilipovuja, akaachwa humo apige chafya mpaka akaaga mwenyewe. Mama Faili aliwasimulia manesi kisa hicho, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alifanya vile, na yeye hakujiuliza.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila mtu alimwita Mwalimu, mkewe pia. Mtoto wao wa pekee alishaondoka kuanza maisha yake, na Mwalimu alikuwa amezoea kupika, kula na kuosha sahani yake kabla mkewe hajarudi. Siku moja Mama Faili alikuwa akieleza kwa nini hatachukua likizo mwaka ule pia, maana ofisi itasimama. Mwalimu aliweka kalamu nyekundu juu ya madaftari.

"Hivi hospitali yenu ilijengwa mwaka gani?"

"Nitajuaje? Zamani."

"Wewe ulikuwa umezaliwa?"

"Bado."

"Ahaa. Kumbe iliwahi kwenda."

Akaendelea kusahihisha. Mama Faili hakucheka. Alisema wivu ni ugonjwa, akaenda kulala.

Mama yake mzazi aliishi kwa binti yake mdogo, mji mwingine, safari ya saa nne. Binti huyo, mdogo wake Mama Faili, alikuwa msusi mwenye saluni ya viti viwili kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mama alipopigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukafa na maneno yakabaki machache, msusi alifunga saluni. Viti viwili vya wateja vikageuka vya kuwekea mashuka. Kwa miezi saba alimwogesha mama, akamlisha kwa kijiko, akamgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda. Mama alikuwa mtu wa umbo, na msusi alikuwa mwembamba kama fagio.

Mama Faili alikwenda Jumapili, si kila Jumapili, lakini alikwenda. Alifika saa sita na matunda kwenye mfuko, akaondoka saa tisa awahi kurudi, maana kesho yake kazi. Saa hizo tatu alikaa pembeni ya kitanda akimsimulia mama habari za hospitali: nani kalazwa, daktari kasema nini, faili gani lilitafutwa na wenzake wote likakosekana mpaka yeye alipoingia. Mama alimtazama kwa jicho lake zima. Pengine alisikia, pengine alikuwa anamwangalia tu mwanawe akisogeza midomo.

"Dada," mdogo wake alimwambia siku moja wakiwa jikoni, "njoo ukae wiki moja. Wiki moja tu. Mgongo wangu umekwisha."

"Nitaangalia. Si unajua pale nilipo?"

"Najua. Umeniambia."

Ilichukua miezi miwili kuangalia. Mwishowe Mama Faili akaomba wiki, na alishangaa, akaudhika kidogo pia, jinsi ilivyotolewa upesi. Alifika Jumapili jioni na begi dogo. Jumatatu alisaidia kumwogesha mama, akagundua kwamba hajui hata sabuni gani inatumika. Msusi alimwonyesha namna ya kupitisha mkono chini ya bega na kungoja pumzi kabla ya kunyanyua. Wakamgeuza mama pamoja, mmoja huku, mwingine kule, kwa mara ya kwanza katika miezi saba. Mama akatoa sauti ndogo ya raha, kama mtu anayetua mzigo. Usiku ule msusi alilala saa sita mfululizo.

Jumanne saa moja asubuhi simu ililia. Alikuwa daktari mkuu mwenyewe.

"Mama Faili, tumekwama. Kuna mkubwa mmoja anakuja leo mchana, anataka faili lake la macho, na hapa tumepekua tangu jana. Manesi wamechanganyikiwa. Nakwambia, bila wewe hapa..."

Akataja jina la mtu huyo. Mama Faili hakuhitaji hata kufikiri. Aliliona faili lile kama amelishika: rafu ya tisa, juu, kisanduku cha kushoto, la tatu kutoka ukingoni, jalada la rangi ya udongo lenye doa la wino pembeni. Maneno hayo yote yangetoka kwa pumzi moja. Hata mtu aliyeingia chumbani mara ya kwanza angefika.

Akajisikia akisema, "Hamtalipata ninyi. Nakuja mwenyewe."

Alipoinama kumuaga mama, mama alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Ulikuwa bado na nguvu ya kushangaza.

"Kaa," mama alisema.

"Naenda mara moja tu, mama. Kesho saa nne niko hapa."

"Kaa."

Mama Faili alivibandua vidole vile kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anavyonasua nguo kwenye mwiba. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji.

"Dada, si leo. Pumzi zake za alfajiri sizipendi."

"Kwani wewe unafikiri wananiita kwa mchezo? Kuna watu wananitegemea mimi."

Msusi alilitua beseni chini. Maji yaliyumba, mengine yakamwagika sakafuni, na hakuna aliyeyafuta.

Aliingia hospitali saa sita mchana, kanga mabegani, vumbi la njia kwenye viatu. Kumbe mkubwa alishafika. Alikuwa kwenye ofisi ya daktari, miguu ameinyoosha, anacheza na funguo za gari. Manesi watatu walisimama ukumbini kama watu wanaongoja bibi harusi. Mama Faili aliinua kitasa, akazungusha, akasogeza kigoda, akapanda. Dakika nne hazikufika. Alipotoka nalo mkononi walimpigia makofi, mmoja akapiga kigelegele kabisa, na daktari akasema, "Si nilisema?"

Mkubwa alikuwa ameikalia miwani yake ndani ya gari. Alitaka vipimo vya zamani ili atengenezewe nyingine bila kupimwa upya, maana hakupenda matone ya kupimia macho. Alinakili tarakimu mbili kwenye kikaratasi, akasema "Safi sana" bila kumtazama yeyote, akaondoka.

Mama Faili alipewa soda baridi. Aliketi nayo kwenye benchi la ukumbini, na hatudanganyi, alikuwa na furaha. Alikuwa amekunywa mafunda mawili simu ilipolia.

"Mama amekwenda," sauti ya mdogo wake ilisema.

"Amekwenda wapi?"

Swali hilo la kijinga lilimchoma baadaye kwa miaka. Msusi akasema, "Dada, mama amefariki," akakata.

Mazishi yalipita kama mazishi yanavyopita. Watu walikuja, walilia, walikula, waliondoka. Walimwambia Mama Faili pole, na wengine wakamsifu kwamba hata siku ile alikuwa kazini akiokoa wagonjwa. Sifa hiyo ilikaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya nne, walipobaki wawili wakikunja mashuka ya mama, mdogo wake alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Lile faili, usingeweza kuwaelekeza kwa simu?"

"Wasingeelewa. Si unajua kile chumba kilivyo."

"Sikijui. Sijawahi kukiona." Msusi alikutanisha ncha za shuka. "Baada ya wewe kuondoka alitaka nimgeuze. Nikashindwa peke yangu. Nikamwambia subiri mama, nipumzike kidogo. Nilipumzika kidogo tu."

Mama Faili alikaa pale siku nyingine sita, na dada hao wawili walizungumza kuhusu vyombo vilivyoazimwa kwa majirani, basi.

Aliporudi kazini zilikuwa zimepita wiki mbili. Alitamani chumba chake kama mgonjwa anavyotamani kitanda chake. Alipofika mwisho wa ukumbi, akainua kitasa kwa mazoea, hakikuinuka. Kilikuwa kipya. Kilizunguka chenyewe kwa kidole kimoja.

Ndani palikuwa na mwanga asioujua. Dirisha lililozibwa na masanduku tangu mwaka paa lilipovuja lilikuwa wazi. Mafaili yalisimama wima, mgongo kwa mgongo, kila moja na utepe wa rangi na namba kubwa. Mezani aliketi mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, miwani imening'inia kwenye kamba shingoni. Alikuwa ameletwa kutoka hospitali nyingine, na manesi tayari walishampachika jina: Bi Namba.

"Karibu, dada! Pole sana na msiba. Nimesikia habari zako hata kabla sijafika. Tulipata wanafunzi wa uuguzi kumi na wanane, wiki mbili, asubuhi na jioni. Vumbi, usiseme!"

"Mapacha wako wapi?" Mama Faili aliuliza.

"Mapacha gani?"

Nesi akaingia na kikaratasi, akataka faili. Mama Faili alilijua: mama mmoja mwenye presha, mke wa mlinzi wa zamani, rafu ya pili katikati. Alikwenda rafu ya pili katikati. Akatafuta juu, akatafuta chini. Akarudi rafu ya kwanza. Jasho likamtoka. Bi Namba aliinuka bila haraka, akatazama daftari, akanyoosha mkono, akampa nesi faili, akaketi. Nesi alisema asante na kutoka. Hakutikisa kichwa, wala hakushangaa. Ilikuwa kazi tu imefanyika.

Mama Faili alikwenda kwa daktari mkuu. Hakubisha hodi.

"Umeona palivyopendeza?" daktari alisema. "Kusema kweli tungefanya zamani."

"Kwa nini hamkufanya?"

Daktari alishika kalamu yake, akaiweka, akaishika tena. "Si wewe ulikuwa hutaki? Ulikuwa unapenda vile. Tukasema tusikuudhi. Wewe ni mtu wetu."

"Kila asubuhi ulikuwa unaniambia bila mimi hapaendi."

"Sasa, Mama Faili," daktari alisema kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, "mtu ukipita mlangoni kwa mwenzako asubuhi, utamwambia nini?"

Basi, ndivyo alivyojua kwamba kilemba alichokivaa miaka yote hiyo kilikuwa cha ukoka, na aliyemvisha wala hakukumbuka kukisuka. Angemchukia daktari, kama angeweza. Lakini daktari alikuwa ametoa salamu tu. Aliyeifanya kuwa agizo, akaitii hata mbele ya mama yake, alikuwa yeye mwenyewe.

Walimhamishia kwenye dirisha la mapokezi, kugawa namba za foleni. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: unachana kikaratasi, unampa mtu, unamwonyesha benchi. Jina la Mama Faili liliendelea miezi michache, kisha wafanyakazi wapya wakaanza kumwita mama wa dirishani, na siku nyingine hawakumwita kitu.

Dirisha lilikuwa karibu na ukumbi, na maneno yalifika. Siku moja alimsikia daktari akipita mlango wa mafaili na kusema lile neno lake lile, bila wewe hapa hapaendi. Akasikia Bi Namba akicheka.

"Panaenda, daktari! Na Ijumaa paende vizuri, maana mimi sipo. Kuna kikao shuleni kwa mwanangu. Ufunguo nimemwachia nesi, na daftari liko mezani."

Ijumaa ile Mama Faili aliangalia mlango ule tangu asubuhi. Nesi aliingia, akatoka, akaingia, akatoka. Mafaili yalipatikana yote. Aligundua kwamba tangu saa mbili alikuwa akiomba moyoni moja lipotee, na akajionea haya kama mtu aliyekutwa akiiba.

Sasa alitoka kazini saa tisa na nusu, na nyumbani alifika kukiwa bado kweupe. Mwanzoni alidhani Mwalimu atafurahi. Mwalimu hakukasirika, hakufurahi pia. Alikuwa na saa yake ya kupika, redio yake, kiti chake kilichotazama dirisha. Mama Faili alipochukua mwiko, alimpisha. Alipokaa, Mwalimu alimuuliza, kwa adabu, kama anayemuuliza mgeni, "Kuna kitu unahitaji?" Walikula wakitazamana, watu wawili waliooana miaka thelathini, kila mmoja akitafuta la kusema. Usiku mmoja alimuuliza mumewe kama aliwahi kumhitaji.

Mwalimu alifikiri kwa muda, maana hakuwa mtu wa kutoa jibu ambalo hajalihakiki. "Nilikuhitaji," alisema. "Nikazoea." Akamjazia maji kwenye bilauri.

Mwaka ulipotimia tangu mama afe, Mama Faili alisafiri kwenda kwa mdogo wake bila kutoa taarifa. Saluni ilikuwa imefunguliwa. Msusi alikuwa akimsuka mteja mmoja, mwingine anangoja. Alimwona dada yake kupitia kioo, akamwonyesha kwa kidevu kiti cha pembeni. Mama Faili alikaa. Alingoja zaidi ya saa mbili, begi mapajani, na mteja wa pili akamuuliza yeye anataka mtindo gani.

Walipobaki peke yao msusi alianza kufagia nywele. Mama Faili alisema bila utangulizi, maana utangulizi wote aliouandaa njiani ulikuwa umemtoka:

"Ningeweza kuwaelekeza kwa simu. Nilijua lilipo. La tatu kutoka ukingoni. Nilinyamaza makusudi."

Fagio halikusimama.

"Nilikuwa mlangoni," msusi alisema. "Nilikuona uso. Mtu anayehangaika hana uso ule."

"Ulijua? Mbona uliniuliza?"

"Nilitaka nione kama utanidanganya. Ukanidanganya, na shuka la mama liko mkononi mwako." Alikusanya nywele kwenye kizoleo. "Mwaka mzima nimekungoja useme. Nilidhani ukisema, nitapumua. Sasa umesema, na sioni kitu kilichobadilika."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usinibane kwa hilo leo." Sauti yake haikupanda. "Mimi sikuwahi kutaka uwe mtu mkubwa, dada. Mama naye hakutaka. Nilitaka mtu mmoja wa kushika upande wa pili nimgeuze. Kazi ile angeifanya yeyote. Jirani angeifanya. Lakini mama hakumtaka yeyote, alikutaka wewe, na wewe ukaenda mahali ambapo yeyote angetosha."

Mama Faili alifungua mdomo. Maneno aliyozoea kujitetea nayo yalikuwepo yote, yamejipanga. Hakuyatoa. Alijua akiyatoa hatarudi tena katika nyumba ile.

Nje mteja alibisha, mwanamke mwenye haraka na kitambaa kichwani. Msusi alimkaribisha, akamketisha, akamfunga shuka shingoni. Alianza kugawa nywele kwa kitana, mstari mmoja, mstari wa pili. Baada ya kitambo akasema, macho yake yakiwa kichwani kwa mteja:

"Maji yako jikoni kama una kiu. Na basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja, usichelewe."

Mama Faili alikwenda jikoni, akanywa maji, akaosha kikombe. Palikuwa na vyombo vingine kwenye karai. Akaviosha pia, pole pole, hata alipomaliza akaanza kuvifuta kimoja kimoja, na hakuna aliyemwita.